Uzi wa Urefu wa Kijino

Nyumba ya wagonjwa, nyuma ya hospitali
9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Natumaini mmefika salama na Kijino hakukutapikia njiani. Mimi mzima, ukiondoa kichwa. (Cheka basi, nimeandika ili ucheke.)

Tangu mlipoondoka chumba kimekuwa kikubwa. Bibi wa kitanda cha dirishani ananitania kwamba nimekumbatia mto kama mtu anayeogopa kuibiwa. Lakini si mto ninaoutaka. Ile jana mchana, ulipotoka kununua maji, Kijino alinilalia. Akausukuma uso wake hapa kwenye kofia ya waya, paji kwa paji, mashine inanguruma na yeye anakoroma, mpaka nikawa sijui ipi mashine na yupi mtoto. Sikumwondoa. Nilikaa hivyo mpaka shingo ikafa ganzi.

Kuhusu simu, naomba tuache kabisa. Unakumbuka nilipolazwa kwa upasuaji alivyosikia sauti yangu akaigeuza simu anitafute upande wa nyuma, aliponikosa akalia hadi sauti ikamkauka. Siwezi tena. Halafu siku hizi maneno yananiteleza mdomoni, ila mkononi bado yananitii. Baba Kijino anapita na lori karibu kila wiki, atakuwa posta wetu.

Ulisema majirani wanauliza naumwa nini, kwa hiyo waambie hivi. Walipoutoa ule uvimbe kichwani hawakuweza kuutoa wote, kuna mzizi ulibaki. Mionzi nimeshapigwa, imekwisha. Sasa kofia hii inaniwekea uga wa umeme kichwani, na huo uga ndio unaozuia uvimbe usiote tena. Siusikii, hauumi, ni joto tu kama nimekaa karibu na jiko. Natakiwa niivae mchana na usiku, na betri yake naibeba begani kama mkoba. Nyumbani umeme unakatikakatika, ndiyo sababu wamenibakiza hapa. Nikimaliza nywele zitaota, nitarudi, na Kijino atanisuka vibaya.

Jambo moja. Wewe fundi wa nguo, nipimie mtoto wangu. Usiniandikie namba, namba hainipi mtoto. Kata uzi wa urefu wake, unitumie.

Mdogo wako


Nyumbani
16 Februari

Mdogo wangu,

Alitapika. Tena ndani ya kofia ya shemeji. Kwa hiyo sasa mke na mume wote mna matatizo ya kofia.

Barua yako nimewasomea majirani. Mimi uga ninaoujua ni huu ninaoufagia kila asubuhi, na muuza mkaa naye ndio huohuo anaoujua, maana aliuliza, "Wanamlaza uani? Na jua hili?" Nikamwambia nyamaza wewe, hujasoma. Alipokwisha kuondoka nikajiuliza mwenyewe, hivi kweli huo uga ni uga gani? Hebu waulize. Mama wa duka yeye anashikilia kwamba umeme ndio unaoleta maradhi kama yako, sasa vipi umeme uleule uyaondoe. Nikamwambia basi azime friji lake tuone. Hakuzima.

Nakushonea vitambaa vyepesi vya pamba vya kufunika hizo waya ukitoka nje. Nimeviacha na nafasi ili kichwa kipumue.

Kumpima huyu mwanao ilikuwa vita. Hasimami. Mwishowe nimemlaza juu ya meza ya kukatia kama kitambaa cha suruali, nikamnyoosha miguu, akacheka, ikakunjika, nikanyoosha tena. Huu mwekundu ndio yeye, kisigino mpaka utosi. Jino la pili limechungulia. Jina hatubadilishi.

Dada yako


Nyumba ya wagonjwa
4 Machi

Dada,

Uzi umefika! Nimeunyoosha juu ya blanketi, nikaweka mkono pale ambapo tumbo lake lingekuwa. Bibi wa dirishani kanikuta, akasema, "Haya, mnyonyeshe basi." Tukacheka mpaka mashine ikapiga kelele, maana waya ilichomoka.

Nimeuliza habari ya uga kama ulivyotaka. Kuna kijana anayekuja kuninyoa na kunibadilishia vibandiko vya kofia, mimi namwita Kijana wa Waya. Ana subira. Aliniambia uga wa kifundi ni kweli kama uwanja, ila hauonekani, na kitu kikiingia ndani yake hakijiamulii tena. Akasema miili yetu ni chembe ndogondogo. Chembe ya uvimbe ikitaka kuzaa inajigawa mbili, na ikijigawa vitu vyake vya ndani lazima vijipange mstari, kama wanafunzi kwenye paredi. Sasa uga wa umeme unageuka huku na huku, upesi kuliko jicho. Paredi inavurugika. Chembe inashindwa kujigawa, inakufa. Nikamuuliza, na chembe zangu nzuri je? Akasema za ubongo wa mtu mzima nyingi zimeshatulia, hazijigawi ovyo. Kinachosumbuliwa na uga ni kile kinachokua.

Nimelipenda hilo. Nimelala nikilirudia. Uga unakamata kile kinachokua. Basi uvimbe wangu hauna pa kwenda!

Kichwa kimetoka vipele mahali vibandiko vinapokaa, wanavisogeza kidogo kila wanapobadilisha. Ndogo hiyo. Jana niliomba kile cha kunywea supu, jina lake likanikimbia, nikaonyesha kwa mkono. Kijiko. Umeona? Kuandika naandika.

Nikatie uzi mwingine.

Mdogo wako


Nyumbani
20 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Kazi nyingi, sare za shule, meza haionekani. Uzi wako huu hapa, mwekundu uleule. Kijino amelala, angeamka angekusalimu.

Mwezi ujao namleta, nimeshapanga na shemeji.

Kula. Usiwe na wasiwasi wowote.

Dada yako


Nyumba ya wagonjwa
2 Aprili

Dada,

Usimlete.

Asante kwa uzi na kwa vitambaa, nimevaa cha bluu. Usimlete Kijino huku. Baba yake nimeshamwambia.

Je, meno yanaendelea kutoka? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako


Nyumbani
10 Aprili

Mdogo wangu,

Meno yanatoka. Umeridhika?

Nimeisoma barua yako nikafikiri shemeji kanichanganyia na ya mtu mwingine. Nilishamshonea gauni la kuja nalo. Nilishamwambia muuza mkaa kwamba sipo wiki nzima. Sasa nimwambie nini mtoto, kwamba mama yake kakataa wageni? Mtoto si nguo, uiazimishe kwa mtu, halafu useme kaa nayo.

Nikamuuliza shemeji, "Mwenzako ana nini?" Akasema hata yeye humwambii, unamwangalia tu. Kama ni kwa sababu ya kichwa kilichonyolewa, mimi nilikuona ulipozaliwa ukiwa na kipara na nikakupenda. Kama umekata tamaa, sema, nijue.

Na kwa kuwa unataka kukaa mbali, nikuambie jambo nililokuwa nalificha. Ananiita mama. Kaanza mwezi uliopita. Simfundishi, na ninamsahihisha, lakini nani mwingine anamwona akiamka?

Dada yako


Nyumba ya wagonjwa
21 Aprili

Dada yangu,

Usinikasirikie. Naandika polepole, mkono wa kulia umeanza uvivu.

Akuite mama. Afadhali ana wa kumwita.

Sikukata tamaa. Nilikuwa naogopa kukuandikia maana nikikuandikia inakuwa kweli. Ulipotuma uzi wa pili niliuweka kando ya ule wa kwanza juu ya blanketi. Nikavuta ncha zikae sawa huku, nikaangalia kule. Zilikuwa sawa. Sawa kabisa dada, kama zimezaliwa pamoja. Nikazipindua, nikaanzia upande wa pili, sawa. Zaidi ya mwezi umepita na mtoto wa umri ule hajaongezeka hata unywele.

Nikakumbuka alinilalia. Paji kwa paji, na kofia inafanya kazi. Uga unakamata kile kinachokua, niliandika mwenyewe kwa furaha. Na kitu gani kinakua kumpita Kijino? Mimi mama yake nimemwingiza ndani ya uga na sikumwondoa kwa sababu nilikuwa naona raha. Akilala tena hapa si atabaki hivyo hivyo siku zote, mdogo, na mimi nitakuwa nimepona na kumwona hivyo.

Ndiyo maana nilisema usimlete. Nilitaka aje nikishavua.

Kijana wa Waya sijamuuliza. Akija namsalimu tu. Nitamwambia nini? Kwamba nilimweka mtoto kwenye mashine? Ataniona mjinga, au atasema ndiyo.

Nyuzi zote mbili ziko chini ya mto.

Mdogo wako, mdogo wako


Nyumbani
25 Aprili

Mdogo wangu, roho yangu,

Nisikilize. Uzi wa pili ni wa uongo.

Sikumpima. Mwezi ule Kijino alikuwa anaumwa. Mlipoachana alikataa kula. Nikimpa uji anafunga mdomo na kugeukia mlango. Halafu akaingia homa na kuhara, tukalala kituo cha afya, akapungua mpaka gauni likawa linamdondoka begani. Shemeji nilimwapisha asikuambie. Barua yako ikaja inataka uzi, na mtoto yuko kwenye dripu, nani atamnyoosha miguu? Nikakumbuka kile kipande nilichokuwa nimebaki nacho cha urefu wa kwanza, nikakata juu yake. Nilitaka ulale vizuri, basi.

Niliandika "Kijino amelala." Alikuwa kweli amelala. Hayo mengine unajua sasa.

Amepona. Anakula mpaka anakula vifungo, jana nimemtoa kimoja mdomoni. Si uga wako uliomzuia kukua, ni kukukosa wewe.

Lakini usiniamini mimi, nimeshadanganya. Muulize yule kijana. Muulize leo, hata kwa ishara, hata mbele ya Bibi wa dirishani. Wa kuona haya hapa ni mimi.

Dada yako


Nyumba ya wagonjwa
3 Mei

Dada,

Nimemuuliza.

Alikuwa ananibandua vibandiko. Nikamwonyesha nyuzi mbili, nikasema mtoto, nikasema hapa, nikagusa paji. Maneno hayakuja yote. Bibi wa dirishani akanisaidia. Kijana alianza kucheka, halafu akaona sicheki. Akaweka mafuta chini. Akakaa kitandani, hajawahi kukaa.

Akasema, mama, uga huu unakaa humu humu. Kati ya kibandiko na kibandiko, ndani ya kichwa chako. Hautoki kumfuata mtu. Ungembeba kila siku. Ungelala naye.

Akasema tena. Ungelala naye.

Dada nilikuwa nimemfukuza bure. Aprili mpaka leo. Lakini sitaki kulilia hilo, nitalia siku nyingine. Mlete. Na gauni. Na ile ya kupimia, ya shingoni kwako.

Habari nyingine ni nzuri. Walinipiga picha ya kichwa juzi, daktari mkubwa kaja na wenzake, wakaitazama muda mrefu. Kofia wameivua. Kasema sasa kichwa kipumzike. Nadhani mashine imemaliza kazi yake. Vinywele vinaota, vinachoma kama

Hapa mkono wake umechoka, binti yangu, ananiandikisha mimi, Bibi wa dirishani. Anasema vinachoma kama brashi ya viatu. Anasema njooni upesi. Amesema niandike tena kwamba mashine imemaliza kazi. Nimeandika alivyosema.


Nyumbani
19 Mei

Mdogo wangu,

Tumefika. Safari hii hakutapika, shemeji alivua kofia mapema akaiweka juu.

Siku zile tatu mimi nilisema sana na wewe hukusema. Najua nikiogopa huwa naropoka. Sasa nakuandikia taratibu, shemeji atakusomea.

Alipojificha nyuma ya miguu yangu na kuniita mama mbele yako, nilitaka ardhi inimeze. Wewe ukaninyooshea kidole, halafu ukajinyooshea mwenyewe. Mimi, wewe. Mimi, wewe. Kama unamfundisha kuhesabu. Nimeelewa. Simsahihishi tena, ila kila jioni namwonyesha picha yako namuuliza, "Na mama mwingine?" Anaibusu, anailowesha yote.

Kisha ile asubuhi ya pili alipopanda kitandani mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Akapapasa kichwa chako, akashangaa kinachoma, akapapasa tena. Akaweka paji lake. Nilitoka nje, nikamkuta Kijana wa Waya amesimama kwenye korido na sanduku lake, hana mgonjwa wa kumhudumia humo na bado kasimama. Tuliangalia ukuta wote wawili.

Ulinishika mkono wakati wa kuondoka, ukanionyesha mto. Nikajua unataka nini.

Huu hapa. Mwekundu umeniishia, ni bluu. Sikuukata mezani wala juu ya uzi mwingine. Nimemsimamisha kwenye mwimo wa mlango, kisigino ukutani, muuza mkaa kashika kichwa kisitikisike, mama wa duka kasimama shahidi maana mimi siaminiki. Upime na ule wa kwanza. Anza ncha na ncha.

Dada yako


Njiani
27 Mei

Shemeji,

Jana nilikupigia ukasikia kilio tu, hukusikia neno. Kwa hiyo naandika. Dereva mwenzangu anatangulia, atakupa barua hii kabla hatujafika.

Nilimkuta macho wazi. Nilimsomea barua yako yote, na pale pa kofia yangu mdomo ulijaribu kucheka. Nikampa uzi wa bluu. Akahangaika na mto, nikamtolea zile nyekundu, akazitenganisha mwenyewe, ule wa uongo akausukuma pembeni. Sijui alizijuaje, mimi naona zote moja.

Nikamshikilia ncha zikae sawa. Akapitisha kidole juu ya mwekundu mpaka ulipoishia, akasimama hapo. Bluu ilikuwa inaendelea. Kidole kikaendelea nayo, taratibu, mpaka mwisho. Akarudi mwanzo akafanya tena. Shemeji, sijawahi kumwona mtu akisafiri mbali namna ile juu ya blanketi.

Kile kipande kilichozidi akajizungushia kidoleni. Ndivyo alivyokuwa alfajiri alipotutoka. Nesi alitaka kukifungua, Bibi wa dirishani akamwambia aache, na mimi nikasema aache.

Ule mwekundu wa pili nimekurudishia ndani ya bahasha. Usiutupe, na usijiumize nao. Alikuwa ameshakusamehe, alitabasamu akiusukuma.

Tunafika naye kesho mchana. Watu watakuwa wengi, fagia uga. Kijino usimfungie ndani wala usimpeleke kwa jirani. Mvalishe lile gauni, umwache acheze hapohapo ugani, karibu na mama yake, mpaka achoke mwenyewe.

Shemeji yako